Sahihi Safi, Ridhaa Yenye Shaka: Uchambuzi wa Kisa cha Shamba la Mzee Mmoja Mkoani Tabora

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tabora, kwenye ukanda wa miombo ambako watu huishi kwa mahindi, karanga na tumbaku. Majina yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kuitambulisha familia, kama ukubwa wa shamba na kiasi cha fedha, yamebadilishwa bila kugusa mtiririko wa matukio. Mwandishi alikuwa mmoja wa wasaidizi wa kisheria waliofuatilia shauri hilo, na familia imeridhia litumike kufundishia.

Mhusika mkuu ni mzee wa miaka 78, mgane, aliyefanya kazi ya reli kwa sehemu kubwa ya maisha yake kisha akarudi kijijini kwao alipostaafu. Alikuwa na ekari nane alizozimiliki kimila. Aliishi na binti yake, ambaye ndiye aliyempikia na kumtunza, pamoja na mjukuu wa kiume aliyemshikia simu na kumsindikiza mjini kufuata pensheni. Mtoto wake mkubwa wa kiume alikuwa na kazi Dar es Salaam na alikuja kijijini mara moja kwa mwaka.

Majirani walimsifu mzee huyu kwa adabu za kizamani. Ukimwamkia asubuhi kwa "Mwangaluka", aliitikia kikamilifu, akakuuliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua kwa mpangilio ambao vijana wengi wa Kinyamwezi wameshausahau. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kutumiwa kama ushahidi dhidi yake.

Mfululizo wa matukio

Dalili za kwanza zilionekana dukani kabla hazijaonekana nyumbani. Mwenye duka alikuwa na daftari la mkopo lenye tarehe, na tulipolisoma baadaye tulikuta kwamba kuanzia mwezi Juni mzee alichukua sukari mara mbili katika siku moja, na jambo hilo lilijirudia katika wiki tofauti. Mwenye duka alidhani kuna wageni. Wakala wa fedha za simu naye alieleza kwamba mzee aliacha kukumbuka namba yake ya siri, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyeiingiza. Binti aliona baba yake akiuliza swali lile lile mara tatu wakati wa chakula, lakini alilichukulia kuwa la umri.

Mwezi Agosti, wakati wakulima wa tumbaku wanatafuta ardhi ya kuandaa kabla ya mvua, mjukuu alimleta mnunuzi. Mazungumzo yalifanyika baada ya jua kuzama, siku ambayo mzee alikuwa ametoka mjini kwa basi. Binti alikuwa ameenda msibani kijiji cha pili. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kaunta buku: ekari nne kwa shilingi 3,200,000. Mashahidi walikuwa wawili, mmoja rafiki wa mjukuu na mwingine jirani wa mnunuzi. Mwenyekiti wa kitongoji aligonga muhuri asubuhi yake bila kumwita mzee. Halmashauri ya kijiji haikuarifiwa.

Mzee alitia sahihi. Hakuweka dole gumba. Alitia sahihi ndefu yenye mkia, ile ile iliyo kwenye karatasi zake za pensheni.

Binti aligundua mauzo hayo pale matrekta yalipoingia shambani. Alipomuuliza baba yake, mzee alikana kuuza chochote, na alipoonyeshwa hati alisema sahihi ni yake lakini shamba ni lake pia. Fedha hazikuonekana ndani ya nyumba. Mjukuu alikuwa na pikipiki mpya.

Mwezi Oktoba binti alikuja kwetu. Kaka yake aliporudi kutoka Dar es Salaam alikuwa na wazo lake tayari: alitaka mahakama imtangaze baba yao kuwa hana akili timamu, na yeye akabidhiwe usimamizi wa mali yote. Mnunuzi naye, ambaye katika simulizi la familia alichorwa kama tapeli, alikuwa na maelezo yaliyonyooka. Alisema alimwamkia mzee, wakaongea karibu saa nzima, mzee akamsimulia ajali ya treni ya zamani hadi jina la dereva. Kisha akainua ile hati mbele ya Baraza la Kata na kuuliza, "Wazee wangu, mtu aliyerukwa na akili anaandika hivi?"

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumpeleka mzee hospitali kabla ya kuandika lalamiko lolote. Kuchanganyikiwa uzeeni kuna sababu nyingi, na baadhi yake hutibika: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi ipasavyo, hata dawa zilizochanganywa vibaya. Kudai kwamba mtu amepoteza uwezo wa kuamua, kumbe ana homa, ni kumdhulumu mara mbili. Vipimo vilivyopatikana havikuonyesha maambukizi, ila shinikizo la damu lilikuwa juu na halijawahi kutibiwa kwa mpangilio.

Daktari alimpima kumbukumbu kwa kipimo kilichotengenezwa na kujaribiwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee wa Kiafrika ambao wengi wao hawakusoma sana. Kipimo hicho kina alama 15, na ndani yake mzee huombwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa muda mfupi, kukumbuka orodha ya maneno baada ya kitambo, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo alilokwisha kuonyeshwa. Vipimo vilivyozoeleka kutoka Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo au ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba, na hivyo humwadhibu ambaye hakuwahi kushika kalamu. Mzee wetu alikuwa msomi wa kiasi chake, lakini njiti za kiberiti zilimshinda kabisa. Alizishika, akazigeuza, akaanza kuzirudisha ndani ya boksi moja moja huku akimuuliza daktari habari za watoto wake.

Ripoti ilisema ana demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ya kiwango cha kati, ambayo huenda inatokana na mchanganyiko wa uharibifu wa mishipa midogo ya damu na ugonjwa wa Alzheimer. Pia ilisema wazi kwamba uchunguzi ulifanyika Oktoba na kwamba daktari hawezi, kwa uchunguzi huo peke yake, kuthibitisha hali ya mzee jioni moja ya Agosti. Kaka mkubwa alikasirika, akataka sentensi hiyo iondolewe. Tulikataa, na ninaamini sentensi hiyo ndiyo iliyoipa ripoti nzima uzito.

Uamuzi wa pili ulihusu namna ya kujenga hoja. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, katika vifungu vya 11 na 12, inataka mtu anayeingia mkataba awe na akili timamu, na inaeleza utimamu huo kwa kuangalia wakati wa tendo: je, wakati anafanya mkataba aliweza kuuelewa na kupima athari zake kwa maslahi yake? Sheria hiyo inakubali pia kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana utimamu anaweza kuingia mkataba katika kipindi ambacho anao. Makubaliano ya mtu asiye na uwezo huo ni batili tangu mwanzo. Kifungu cha 16 kina njia nyingine, ya ushawishi usiofaa, na kinamtaja waziwazi mtu ambaye akili yake imeathiriwa na umri au maradhi; hapo mkataba huwa unaweza kubatilishwa kwa ombi la aliyedhulumiwa. Tuliweka hoja zote mbili, moja kama mbadala wa nyingine, na tukaongeza ya tatu iliyokuwa rahisi kuliko zote: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na idhini hiyo haikuwepo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu ulitugombanisha na mtu wa upande wetu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa mahakama kuweka msimamizi wa mali ya mtu mwenye maradhi ya akili, na kaka mkubwa alitaka tuanzie hapo. Tulimshauri asubiri. Baba yake alikuwa bado anaamua mambo mengi kwa uthabiti: anaishi na nani, anatibiwa wapi, kuku gani achinjwe mgeni akija. Kumvua yote hayo kwa sababu ya jambo moja aliloshindwa kulipima ingekuwa kumalizia kazi iliyoanzwa na maradhi. Tena, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaelekeza mtu asaidiwe kuamua kwanza, kabla ya kufikiria mwingine kuamua kwa niaba yake.

Matokeo

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata lina kazi ya kusuluhisha, halina mamlaka ya kutoa hukumu ya ardhi, na likishindwa shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri hili halikufika huko. Mnunuzi alipoelezwa na wakili wake mwenyewe kwamba mauzo yasiyopitia halmashauri ya kijiji hayana miguu, alikubali kurudisha shamba. Kwa kuwa alikuwa ameshalima na kupanga matuta, aliruhusiwa kulitumia msimu mmoja, na kodi ya msimu huo ikakatwa kwenye fedha alizodai. Pikipiki iliuzwa, kaka mkubwa akaongeza, na kilichobaki kikapangwa kulipwa baada ya mavuno mawili. Urejeshaji huo una msingi wa kisheria, maana aliyepokea faida chini ya makubaliano yaliyobainika kuwa batili anatakiwa kuirudisha.

Mjukuu hakushtakiwa. Familia ililimaliza jambo lake ndani, na hakuna maandishi yoyote yanayoeleza alifanya nini.

Uchambuzi: ubongo unaotunza desturi na kupoteza hesabu

Kiini cha kisa hiki kimo katika swali la mnunuzi, na kwa bahati mbaya hakuna aliyemjibu siku ile. Mtu mwenye demensia ya kiwango cha kati anaweza kuandika hivyo, na anaandika hivyo mara nyingi. Mambo tuliyoyarudia maelfu ya mara, kama kutia sahihi na kuamkia, huhifadhiwa katika viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo na katika ubongo wa nyuma, sehemu ambazo ugonjwa wa Alzheimer huchelewa kuzifikia. Ugonjwa huo huwahi kushambulia hipokampasi, ambayo ndiyo inayonakili mambo mapya: bei iliyotajwa dakika kumi zilizopita, idadi ya ekari, jina la mtu aliyekaa mbele yako. Ndiyo maana mzee aliweza kumtaja dereva wa treni ya miaka ya nyuma bila kuweza kukumbuka kwamba bei ilishatajwa. Uharibifu wa mishipa midogo, unaoletwa hasa na shinikizo la damu, huzikata njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na nyingine, na sehemu hiyo ndiyo inayopima faida na hasara.

Kwa hiyo ishara ambazo kijiji, baraza na hata mawakili hutumia kutambua ridhaa, yaani sahihi, maamkizi, ufasaha na kumbukumbu za zamani, ndizo ambazo ubongo huu huzipoteza mwisho. Sheria imeandikwa vizuri. Ukiisoma kwa makini, kifungu cha 12 kinaafikiana na sayansi ya ubongo kuliko nilivyotarajia kwa sheria yenye asili ya karne ya 19, kwa sababu kinauliza kuhusu tendo na wakati wake. Upungufu uko katika vipimo vya mtaani. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua imeligawa swali hilo katika sehemu nne: je, mtu anaelewa taarifa, anaishika kwa muda wa kutosha, anaitumia kupima, na anaweza kuwasilisha uamuzi wake? Mzee wetu alikuwa imara kwenye sehemu ya nne na dhaifu kwenye ya pili na ya tatu. Mnunuzi alimpima kwa ya nne tu.

Saa ya mauzo nayo ilikuwa na maana. Wagonjwa wengi wa demensia huzidiwa jua linapokuchwa, na uchovu wa safari huongeza hali hiyo. Mazungumzo yale yale yangefanyika saa tatu asubuhi, kwa Kinyamwezi, binti akiwepo, pengine mzee angekataa mwenyewe na kusingekuwa na kisa.

Kilichofaa zaidi ni ushahidi wa watu wa kawaida. Daktari alieleza hali ya Oktoba. Daftari la sukari likaeleza Juni na Julai. Na kwa kuwa demensia ya aina hii hukua polepole kwa miezi na miaka, Agosti ilibanwa katikati ya pande mbili zinazojulikana. Daftari lile la kurasa zenye mafuta ya taa lilifanya kazi ambayo picha ya ubongo haikuweza kuifanya.

Kuhusu picha hiyo, tulikwama. Kaka mkubwa alitumia fedha nyingi kumpeleka baba yake nje ya mkoa kupigwa picha ya CT, na picha ikaonyesha ubongo uliosinyaa. Wakili wa mnunuzi alijibu kwamba ubongo wa kila mzee husinyaa, na alikuwa sahihi: hata kwa wazee wasio na ugonjwa, hipokampasi hupungua kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kila mwaka, na wengi wao wanaendesha biashara na familia bila tatizo. Picha inaonyesha kiungo, haisemi mtu alielewa nini mezani. Kijana mmoja katika timu yetu alitaka pia tutumie utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulioonyesha kwamba wazee, kwa wastani, huzitambua kwa shida sura za watu wasioaminika, na kwamba sehemu ya ubongo iitwayo insula huitikia kwa udogo kwao. Utafiti huo ni mzuri kwa mtunga sera anayefikiria jinsi ya kuwakinga wazee na matapeli, lakini mbele ya baraza wastani wa kundi hauthibitishi kitu kuhusu mzee mmoja, na mnunuzi wetu hakuwa hata tapeli.

Jambo jingine lililokwama ni lile lililoonekana kama ushindi. Kwa kuwa shauri liliisha kwa hoja ya idhini ya halmashauri, swali la uwezo wa mzee halikuamuliwa na yeyote. Shamba lilirudi, lakini mwenyekiti wa kitongoji aliondoka akiamini kosa lake lilikuwa la muhuri peke yake. Ningemshauri msaidizi wa kisheria mwenye shauri kama hili ahakikishe kwamba hati ya usuluhishi inataja, japo kwa aya moja, namna mzee alivyoulizwa na kwa nini haikutosha.

Pendekezo la miaka sabini

Katika mkutano wa kijiji uliofuata, mjumbe mmoja alipendekeza kwamba mtu yeyote aliyefikisha miaka 70 asiuze ardhi bila ruhusa ya watoto wake, na makofi yakapigwa. Pendekezo hilo linastahili kujibiwa kwa uzito kwa sababu lina mvuto, na kwa sababu sheria zetu zina mazoea ya kuchora mstari kwa umri: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na Katiba inamtaka jaji wa Mahakama Kuu astaafu katika umri huo huo, na wa Mahakama ya Rufani akiwa na 65. Mstari wa kutoa huduma au wa kupokezana vyeo hauna ubaya huo. Mstari wa kumwondolea mtu haki juu ya mali yake ni kitu kingine.

Utafiti uliofanyika wilayani Hai ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, wenye demensia ni takriban asilimia 6.4. Ukitumia kiwango hicho, kanuni ya yule mjumbe ingewafunga mikono zaidi ya wazee tisa katika kila kumi ambao hawana ugonjwa huo, ili kumkinga asiyefikia mmoja. Na ingemkabidhi mamlaka nani? Aliyemleta mnunuzi katika kisa hiki alikuwa mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Halmashauri iliamua jambo dogo zaidi. Mauzo ya ardhi sasa yanasikilizwa asubuhi, muuzaji wa umri wowote anaulizwa mara mbili katika siku tofauti kwa lugha anayoitumia nyumbani, anaombwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe anauza nini, kwa kiasi gani na atakula nini msimu ujao, na majibu yake yanaandikwa kwenye muhtasari. Aliyemleta mnunuzi hakai ndani wakati wa maswali hayo.

Utaratibu huo ulijaribiwa mapema kuliko ilivyodhaniwa, na kwa mzee yule yule. Alisema anataka ekari moja karibu na kisima iwe ya binti yake. Aliulizwa asubuhi tatu tofauti, binti akiwa nje, na kila mara alitoa jibu lile lile na sababu ile ile: ndiye anayempikia, na kaka zake wana vyao mjini. Hakuikumbuka siku iliyotangulia wala waliomuuliza. Halmashauri ilipitisha. Kaka mkubwa amepinga, akisema mtu ambaye Agosti hakuweza kuuza hawezi Machi kugawa. Tumemjibu kwa maandishi kwamba uwezo hupimwa kwa kila uamuzi, na kwamba kumgawia ekari moja mtoto unayeishi naye ni jambo jepesi kulipima kuliko bei, mipaka na masharti aliyowekewa usiku ule. Pingamizi lake bado liko mbele ya halmashauri, na wajumbe wameomba daktari yule yule amwone mzee tena kabla hawajalijibu.